Mama yuko kwenye oksijeni na tunasubiri mapafu mapya: je, tumweke kwenye mashine ya kupumua?

*"Shikamoo daktari. Mamangu ana miaka 56, tunaishi Lamu. Kwa miaka mingi alikuwa akioka mikate ya mofa nyumbani na kuuza. Sasa ni mwaka wa pili anakohoa kikohozi kikavu na pumzi zinamkatika. Alitibiwa TB kwanza, haikusaidia. Baadaye alipigwa picha ya CT Mombasa, tukaambiwa mapafu yana makovu yasiyofutika. Ana mashine ya oksijeni nyumbani, lita mbili akiwa amekaa na nne akitembea. Majirani wanasema oksijeni inamzoesha na mapafu yanakuwa mavivu, kwa hiyo mchana huwa tunamzimia. Daktari alitaja kupandikizwa mapafu nje ya nchi. Nimesoma kuna mashine inayofanya kazi badala ya mapafu, mtu akakaa nayo hadi apate mengine. Tunafikiria kuuza shamba la minazi la marehemu baba ili awekwe mapema, kabla hajazidiwa. Mimi niko tayari pia kumpa pafu langu moja. Mjomba naye anauliza: akishawekwa kwenye mashine, kuizima si ndiyo kumuua? Mama mwenyewe hatujamweleza yote, tusimtie hofu."*

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu haliwezi kungoja: acheni kumzimia mama oksijeni mchana. Iwasheni sasa hivi, kisha urudi tuendelee na hayo mengine.

Hii habari ya oksijeni kumzoesha mtu naisikia kila upande, Shela hadi Gongoni, na naelewa inakotoka. Watu wamemwona mgonjwa akianza na lita moja, baada ya miezi kadhaa yuko lita tatu, wakasema imeshamtawala. Kilichopanda pale ni ugonjwa. Oksijeni haina uraibu. Mimi na wewe tunaivuta tangu kuzaliwa na hakuna anayetaka tuiache. Wala mapafu hayawi mavivu kwa kupewa hewa yenye oksijeni nyingi zaidi, maana kazi ya kuvuta na kutoa pumzi mama bado anaifanya mwenyewe, kwa misuli yake mwenyewe. Mashine ya nyumbani haimpumulii. Inachukua hewa ya chumbani, inachuja nitrojeni, na kumpelekea puani hewa iliyobaki ambayo karibu yote ni oksijeni.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Ikishapita kooni inaingia kwenye mirija inayozidi kuwa midogo hadi inafika kwenye vifuko vya hewa, mamia ya mamilioni ya vifuko, vyenye kuta nyembamba mno. Upande wa pili wa kila ukuta kuna damu. Oksijeni inapenya kuingia kwenye damu, kabonidioksaidi inapenya kutoka. Kwa mama, kuta hizo zimeingia makovu, zimekuwa nene na ngumu, na oksijeni inapenya kwa taabu. Akiwa ametulia barazani damu inapita polepole kiasi cha kuwahi kuchukua oksijeni yake. Akiinuka kwenda msalani moyo unasukuma damu kwa kasi, muda wa kuchukua oksijeni unapungua, na kipimo kinaporomoka. Hapo ndipo mnapodanganyika: mnamwona amekaa anazungumza, mnazima, na baada ya hatua chache ameshika ukuta.

Kuna madhara mengine msiyoyaona kwa macho. Oksijeni ikiwa chini muda mrefu, mishipa ya damu ndani ya mapafu hujikaza, na upande wa kulia wa moyo, ambao kazi yake ni kusukuma damu kwenda mapafuni, unalazimika kutumia nguvu nyingi hadi unachoka. Miguu inavimba. Moyo ukifika hapo, hata habari ya kupandikizwa inakuwa ngumu zaidi. Majaribio mawili makubwa, moja la Marekani lililotolewa 1980 na jingine la Uingereza la 1981, yalionyesha kwamba wagonjwa wenye oksijeni ndogo kwenye damu waliopewa oksijeni saa 15 au zaidi kwa siku waliishi muda mrefu kuliko waliopewa kidogo au waliokosa kabisa. Nikuambie ukweli wote: wale walikuwa na ugonjwa wa mirija ya hewa, si makovu kama ya mama. Lakini kanuni hiyo ndiyo tunayoitumia kwa wote, na kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni hata akiwa amekaa, mimi nataka saa zote.

Mpimeni kwa kile kipimo cha kidoleni, akiwa amekaa na pia akitembea, na muandike namba kwenye daftari. Kama mama anatia hina au piko kwenye vidole, tumieni kidole kisichotiwa, au muulize kliniki wampime kwenye ndewe ya sikio, kwa sababu rangi nzito huzuia mwanga wa kipimo na kutoa namba ya uongo. Jueni pia kwamba vipimo hivi, kwa ngozi nyeusi kama zetu, wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Kwa hiyo akiwa anatweta na kidole kinasema 93, muaminini yeye kwanza. Daktari wake awape kiwango cha kulenga. Kwa wagonjwa wengi wa makovu ni 90 na zaidi. Wenye ugonjwa wa mirija unaowafanya wakusanye kabonidioksaidi hulengwa 88 hadi 92, kwao oksijeni nyingi kupita kiasi ina hatari yake, kwa hiyo usichukue maelekezo ya mgonjwa wa jirani ukampa mama.

Moto nao. Mtu aliye kwenye oksijeni asikaribie meko, mshumaa, sigara wala chetezo. Najua nyumba ya Lamu bila udi na ubani haijawa nyumba, lakini moshi wenyewe unamuumiza na oksijeni hulisha moto vibaya sana. Fukizeni chumba kingine, mbali, mlango umefungwa, au muache kabisa kwa kipindi hiki. Na meko ya mofa yawe yamefungwa kwake moja kwa moja.

Umeme ndio utakaowasumbua zaidi. Mashine inayotoa hadi lita tano kwa dakika hula wati 350 hivi. Ikiwaka mchana na usiku ni uniti nane na kidogo kila siku, zihesabuni kwenye tokeni. Wekeni stabilaiza, osheni kichujio kila wiki kwa sababu hewa yetu ina chumvi na vumbi, na muwe na mtungi wa akiba. Mtungi mdogo wa lita 680, kwa mwendo wa lita mbili kwa dakika, unakaa saa tano na dakika arobaini. Kwa lita nne ni chini ya saa tatu. Pigeni hesabu hiyo kabla umeme haujakatika, si wakati mmeshika tochi.

Sasa nije kwenye mashine uliyosoma. Nadhani umechanganya mashine mbili, na si kosa lako, watu wengi huzitaja pamoja.

Ya kwanza ni ventileta. Mgonjwa huwekwa dawa ya usingizi, mpira unapitishwa kinywani hadi kwenye koromeo la hewa, na mashine inasukuma hewa ndani kwa shinikizo. Ventileta haishiki nafasi ya mapafu. Inashika nafasi ya misuli ya kupumua. Kwa mtu ambaye mapafu yake yatapona, mwenye nimonia kwa mfano, au aliyepata ajali, ni mashine inayookoa roho kweli kweli: inampumulia siku kadhaa, ugonjwa unaisha, mpira unatolewa. Lakini kwa mama tatizo halipo kwenye misuli. Lipo kwenye ukuta wenye kovu, na hewa ikisukumwa kwa nguvu kwenye pafu gumu inaweza kulichana na kuliumiza zaidi. Wakati huo huo amelazwa, amelala usingizi wa dawa, na misuli ya miguu na kifua inayeyuka siku baada ya siku, na mpira uliopo kooni unafungua njia ya vijidudu. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2011 kuhusu makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo ulisema wazi kwamba wengi wa wagonjwa hawa, wakiishiwa pumzi, wasiwekwe kwenye ventileta, na kwamba wachache tu ndio inaweza kuwafaa. Katika hao wachache wamo wale ambao tayari wana nafasi ya kupata mapafu mengine.

Kwa hiyo "awekwe mapema kabla hajazidiwa" ni kinyume cha jambo lenyewe. Hakuna mtu anayewekwa kwenye ventileta mapema ili asubiri. Kumweka mapema kutamtoa kwenye sifa za kupandikizwa badala ya kumsogeza.

Kabla ya kufika huko kuna hatua mbili za kati. Moja ni oksijeni ya mwendo mkubwa: hewa iliyopashwa moto na kutiwa unyevu, hadi lita 60 kwa dakika, kupitia mpira mpana wa puani. Mgonjwa yuko macho, anazungumza, anakula. Kwa wagonjwa wa makovu waliozidiwa mimi naipenda sana hii, na kwa bahati tangu mlipuko wa korona watu wengi zaidi katika hospitali zetu wanaifahamu. Ya pili ni barakoa ya shinikizo, ile ya bipapu, inayofungwa usoni. Inasaidia hasa wale wanaoshindwa kutoa kabonidioksaidi. Hao wanaweza kuitumia usiku nyumbani miaka na miaka wakisubiri. Kwa makovu msaada wake ni mdogo, kwa sababu kabonidioksaidi hupenya ukuta kirahisi kuliko oksijeni na kwa kawaida haijazani hadi ugonjwa umefika mbali. Inaweza kumpunguzia kazi ya kuhema kwa saa chache, basi. Wengine haiwapi raha hata kidogo, wanahisi kama wanazibwa.

Mashine uliyoisoma wewe ni ekmo. Hiyo ndiyo hufanya kazi badala ya mapafu. Mpira mnene unaingizwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kwenye paja, damu inatolewa lita kadhaa kwa dakika, inapita kwenye pafu bandia lenye utando mwembamba unaopitisha hewa, pale inapewa oksijeni na kuondolewa kabonidioksaidi, kisha inarudishwa mwilini. Mgonjwa mtu mzima wa kwanza kuokolewa nayo alikuwa kijana wa miaka 24 aliyeumia kwenye ajali huko California, mwaka 1971. Alikaa nayo saa 75, mapafu yake yakapona. Leo, katika hospitali kubwa zinazopandikiza mapafu, mgonjwa aliyezidiwa akisubiri anaweza kuwekwa ekmo akiwa macho, bila ventileta, na utamwona anatembea kwenye korido akisukumiwa mashine na wauguzi na mtaalamu wa mazoezi. Kutembea huko kuna maana kubwa. Upasuaji unamtaka mtu mwenye miguu.

Madaktari huiita daraja, na daraja lazima liwe na ng'ambo. Ekmo haitibu chochote. Damu inabidi ilainishwe kwa hepari ili isigande kwenye mipira, na hapo mgonjwa anaweza kuvuja damu, hata kwenye ubongo. Mabonge yanaweza kutokea hata hivyo. Vijidudu vinaingia. Inahitaji watu waliofunzwa kando ya kitanda mchana na usiku, na hesabu yake ni siku na wiki. Wanaokaa miezi wapo lakini kila siku inayopita hatari inaongezeka. Kwa sababu hiyo hospitali zenye uzoefu humwekea mtu ambaye tayari ameshapimwa, ameshakubaliwa, yuko kwenye orodha, na mwili wake mwingine bado una nguvu. Aliyewekwa bila hayo, mapafu yasipopona na mengine yasipopatikana, anabaki ana fahamu zake, amefungwa kwenye mashine, na hakuna pa kumpeleka. Nimeona familia zikifika hapo, na sitaki mfike. Lamu na Malindi hakuna ekmo, na mtu hawezi kutolewa kisiwani akiwa mahututi akapelekwa moja kwa moja kwenye ekmo ya nchi nyingine ambako hakuna anayemjua.

Mpangilio basi uko hivi: tathmini ya kupandikizwa inatangulia, mashine za kumvusha zinafuata kama zitahitajika. Na tathmini hiyo ndiyo ya haraka. Kwa ugonjwa wa makovu tunatakiwa kumpa mgonjwa rufaa tangu ugonjwa unapothibitishwa, si akishaangukia kitandani. Mama anayefika lita nne akitembea ameshaukaribia ukomo wa mashine ya lita tano. Msichelewe.

Hata hivyo kabla ya kuzungumza kuhusu ndege nataka tuhakikishe ni makovu ya aina gani, kwa sababu yapo yanayosikia dawa. Je, nyumbani kuna njiwa? Kwenye nyumba nyingi za huko kuna kijana anayefuga njiwa darini, na vumbi la mavi na manyoya yao huwapa baadhi ya watu mzio wa mapafu unaoishia kwenye makovu. Mwenye hali hiyo, njiwa wakiondoka na akapewa dawa, ugonjwa unaweza kusimama. Yapo pia makovu ya maradhi ya kinga ya mwili, yanayokwenda pamoja na viungo kuuma, vidole kubadilika rangi kwenye baridi, macho na mdomo kukauka; hayo hupimwa kwa damu. Moshi wa kuni wa miaka mingi hakika haujamsaidia, ingawa kusema ndio uliomletea haya sitathubutu. Na zipo dawa mbili, nintedanibu na pirfenidoni, ambazo hazifuti kovu ila hupunguza kasi ya kuongezeka kwake. Ni ghali na zina kichefuchefu au kuhara. Mwulize daktari wake kama zinamfaa. Pesa ya shamba, kama itatumika, huenda ikawa na kazi zaidi hapo kuliko kwenye mashine.

Upandikizaji wenyewe usiuone kama ndoto. Wa kwanza ulifanyika Marekani mwaka 1963 na mgonjwa aliishi siku 18. Miaka ishirini baadaye, Toronto, mtu wa miaka 58 mwenye makovu ya mapafu kama mama alipandikizwa pafu moja akaishi zaidi ya miaka sita. Leo wengi huvuka mwaka wa kwanza, na kwa jumla karibu nusu huwa hai baada ya miaka sita hadi saba. Hiyo ni pungufu kuliko kwa figo, kwa sababu pafu linapokea hewa ya nje kila dakika, pamoja na kila kijidudu kilichomo. Na ni miaka ya kumeza dawa za kushusha kinga asubuhi na jioni bila kuruka, kupimwa kiwango chake kwenye damu, kulinda figo, na kwa nchi yetu kuchunga TB isije ikaamka. Kwa mtu ambaye leo hawezi kuoga bila kupumzika, wengi wangeichukua miaka hiyo kwa mikono miwili. Si wote.

Hapa Kenya tunapandikiza figo, mapafu bado. Wenzetu wanaoyafanya ni kama Afrika Kusini, na India hasa Chennai. Hapa kuna jambo ambalo familia nyingi hawaambiwi: mtu hasubiri mapafu akiwa Lamu. Pafu likishatolewa kwa marehemu linadumu saa chache tu, sita hadi nane kwa njia ya kawaida ya barafu, na lazima lilingane kundi la damu na ukubwa wa kifua. Anayesubiri anakaa karibu na hospitali, amepanga nyumba, pamoja na wa kumhudumia, na hajui ni wiki au ni miezi mingapi. India, kiungo hutolewa kwanza kwa raia wao, mgeni anafuata nyuma kabisa. Baada ya upasuaji kuna miezi mingine ya kukaa huko. Ukipewa bei ya upasuaji peke yake, umepewa sehemu ya bei. Ni mamilioni ya shilingi, na dawa haziishi. SHA, bima ya afya ya serikali, ina utaratibu wa matibabu ya nje kwa huduma zisizopatikana nchini, kwa rufaa na idhini kabla ya safari. Ulizeni kiwango chake mapema, lakini msitarajie kibebe mzigo wote.

Kwa hiyo shamba msiliuze sasa. Tumeni kwanza CT, vipimo vya pumzi, vya moyo na vya damu kwa hospitali mbili zinazopandikiza, mpate jibu la maandishi kama mama anafaa kuitwa kwa tathmini. Na yeyote atakayewaambia ana mapafu tayari, mlipe tu, huyo ni dalali na mfungieni mlango. Kununua kiungo cha mtu ni kosa la jinai, na mapafu hayapatikani hivyo.

Kuhusu pafu lako: Mungu akulipe kwa nia hiyo. Haiwezekani kutoa pafu zima ukiwa hai. Kuna upasuaji, ambao umefanywa zaidi Japani, ambapo ndugu wawili kila mmoja hutoa kipande cha chini cha pafu lake kumpa mgonjwa mmoja. Ni nadra, unaweka watu watatu hatarini kwa siku moja, na kwa mgonjwa mtu mzima vipande hivyo mara nyingi havitoshi kifua. Mama anakuhitaji wewe na mapafu yako yote mawili.

Safari nayo ina hesabu yake. Hewa ndani ya ndege inayoruka ni kama ya mlimani, mita 2,000 na zaidi, na oksijeni anayoipata mtu ni kama asilimia 15 au 16 badala ya 21. Mama hapandi ndege Manda bila oksijeni iliyopangwa na shirika mapema na barua ya daktari. Na Nairobi yenyewe iko juu zaidi ya mita 1,600. Mgonjwa aliyekuwa na lita mbili Lamu, akishuka Nairobi anaweza kuhitaji tatu au nne, na jamaa wakadhani safari imemmaliza. Johannesburg ni vivyo hivyo. Chennai iko pwani, na wakati wa kulinganisha hospitali hilo si jambo dogo.

Wakati mnasubiri majibu, kuna kazi ambayo hakuna mashine itakayomfanyia. Atembee kila siku, oksijeni ikiwa juu ya kutosha, ndani ya nyumba kama vichochoro vina ngazi nyingi, akipumzika na kuendelea. Asimame na kukaa kitini mara kadhaa bila kushika. Ale samaki, mayai, maharage, mlo mdogo mara nyingi, kwa sababu tumbo likijaa pumzi inabanwa. Akikonda sana au akinenepa sana hospitali zinamkataa. Tumbaku ya aina yoyote nyumbani, hata ya kwenye tambuu, iishe. Achanjwe ya mafua na ya nimonia.

Swali la mjomba nimelipokea kwa heshima. Sehemu ya kidaktari ni hii: mashine inapoendeshwa bila matumaini ya kupona wala ya mapafu mengine, inarefusha kufa, na tukiiondoa kinachomchukua mgonjwa ni ugonjwa wake. Sehemu ya kidini si yangu kuitolea fatwa. Naweza kukuambia kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Amman mwaka 1986, liliruhusu kuondoa mashine pale madaktari wanapothibitisha kuwa ubongo umekufa kabisa na hautarudi, na mwaka 1988, Jeddah, likaruhusu kupandikiza viungo kwa masharti. Lakini mgonjwa wa makovu anaweza kuwa kwenye ventileta na ubongo wake ni mzima, na hilo ni swali jingine. Mpelekeeni sheikh mnayemwamini sasa, mama akiwa amekaa nanyi. Mkingoja hadi usiku wa ICU mtaamua mkiwa mnalia na mnagombana.

Jambo la mwisho upande huu ni la mama mwenyewe. Mnasema hamjamweleza, msimtie hofu. Yeye ndiye anayekatika pumzi. Hofu anayo tayari, ila anaibeba peke yake. Hospitali yoyote ya kupandikiza itamuuliza yeye, si wewe, na asipojua au asipotaka, hapandikizwi. Kaeni naye, wewe na mjomba, mumweleze kwa lugha yake, mumuulize anachotaka na asichotaka: kusafiri, kupasuliwa, mpira kooni. Anaweza kusema ndiyo kwa yote. Anaweza pia kusema anataka kubaki nyumbani kwake. Hilo likiwa ndilo jibu, bado tuna mengi ya kumfanyia. Huduma shufaa, ya kumpunguzia mgonjwa mateso, ipo, na mofini ya kunywa kwa dozi ndogo sana hupunguza ile hali ya kutweta bila kumlaza. Hata kipepeo cha ukindu, akipepewa usoni karibu na pua, hupunguza hisia ya kukosa hewa. Hilo limefanyiwa utafiti, si maneno ya bibi tu.

Mkimbizeni hospitali ya King Fahad hapo hapo Lamu, bila kungoja asubuhi, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikiwa ya buluu, kipimo kikikaa chini ya 85 hata akipumzika na oksijeni ikiwaka, akichanganyikiwa au akisinzia isivyo kawaida, akipata homa, akikohoa damu, mguu mmoja ukivimba, au akichomwa kifuani ghafla. Mwambieni daktari wa zamu mapema kwamba ni mgonjwa wa makovu na mmekubaliana nini kuhusu ventileta. Andikeni kwenye karatasi, ikae kwenye begi la mtungi. Na mjue tangu leo ni boti ya nani itakayomvusha kwenda Mokowe usiku ikibidi apelekwe Mombasa, na mtungi upi utatosha njia nzima.

Nikiwa hapa Malindi ningependa kumwona. Kama njia ya Witu na Garsen itamchosha, njoo wewe na mjomba kwanza. Mje na CD ya CT, si ripoti peke yake, karatasi za TB, dawa zote anazotumia, na namba za kidoleni za wiki nzima, za kukaa na za kutembea.